Sura ya Sita: Herufi Mbili za Mwanzo

Katika hati ambazo mfanyakazi hujazishwa siku ya kwanza ya kazi, baada ya jina lake na la babake, tarehe ya kuzaliwa, na mtu wa kuarifiwa likitokea la kutokea, pana mstari unaouliza jina la benki yake, na chini yake mstari mwingine unaouliza jina la tawi. Kwa miaka mingi sikuona katika swali hilo la pili neno la kustaajabisha, kwa kuwa kwetu pwani mtu na tawi la benki yake walijuana kama anavyojuana na msikiti wa mtaani kwake: alilipita asubuhi akienda sokoni, alimjua bawabu wake kwa jina, na alijua dirisha lipi lina karani mwepesi na lipi lina karani wa kumkalisha mtu hadi adhuhuri. Swali lile lilianza kunishughulisha siku niliyopigiwa simu na mtoto wa ndugu yangu, kijana wa Mombasa aliyekuwa akisoma katika mji mmoja wa Ufaransa, na jioni akifanya kazi ya jikoni mkahawani ili apate kodi ya chumba.

"Shikamoo, ami. Mshahara wangu umekwama."

"Marahaba. Umekwama wapi tena?"

"Kwa tajiri. Mashine yao haiitaki nambari yangu."

Kisa chake kilikuwa hivi. Alipofika huko alifungua akaunti katika mojawapo ya benki zile ambazo hazina jengo la kupokea watu, wala dirisha, wala bawabu, zikaazo ndani ya simu peke yake; aliifungua usiku, amelala kitandani, kwa kujipiga picha ya uso na ya pasipoti, na kabla maji ya chai hayajachemka akawa na nambari yake. Nambari hiyo ilianza kwa herufi DE, maana benki yenyewe imeandikishwa Ujerumani. Mwanamke aliyeshika hesabu za mkahawa ule, mtu mwema kwa kila hali kama kijana alivyonihakikishia, aliijaribu nambari mara tatu, na mara zote tatu programu ya mishahara ikaikataa. Kisha akamwambia kwa upole kwamba akafungue akaunti katika benki ya Kifaransa, na kwamba mpaka hapo atamwandikia hundi. Hundi akaandikiwa. Lakini benki isiyo na dirisha haikuwa na pa kuipokelea hundi, hivyo kijana akakaa na ujira wa mwezi mzima mfukoni, umeandikwa kwa hati nzuri na kutiwa sahihi, asijue pa kuugeuza uwe mkate.

Ili msomaji aelewe kwa nini programu ile ilikataa, sina budi kumwomba anistahimilie kidogo nimweleze jinsi nambari ya akaunti ilivyoumbwa, kwa kuwa nambari hizi, ambazo wengi wetu huzichukua kuwa mfululizo wa tarakimu usio na maana, hapo asili zilikuwa ni anwani. Huko Ufaransa, kabla mataifa ya Ulaya hayajaunganisha taratibu zao za malipo, akaunti ilitambuliwa kwa alama 23: tano za benki, tano za tawi, ambalo Wafaransa katika hesabu hiyo huliita dirisha, kumi na moja za akaunti yenyewe, na mbili za kuhakikishia kwamba hapana iliyokosewa. Waingereza walitumia tarakimu sita zilizopangwa jozi jozi, za mbele zikitaja benki na za nyuma zikitaja tawi. Wajerumani walitumia nane, na ile ya kwanza ilionyesha jimbo. Wamarekani, ambao nambari zao tisa za leo zimetokana na zile zilizobuniwa na chama cha mabenki yao mwaka 1910, nao waliweka mwanzoni wilaya ya benki kuu yao. Tarakimu hizo zilitungwa katika zama ambazo msomaji wake alikuwa ni binadamu, karani aliyeketi mbele ya lundo la hundi akizigawa mafungu, hili la kwenda kaskazini na hili la kwenda kusini, naye alihitaji kujua jambo moja tu kabla ya yote: hela hizi zinakwenda mahali gani.

Baadaye ikaja nambari ya kimataifa, ile iitwayo IBAN, ambayo kanuni yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1997, na hiyo haikuivunja nyumba ya zamani bali iliijengea baraza mbele: herufi mbili za nchi, tarakimu mbili za uhakikisho zipatikanazo kwa kugawanya kwa 97, kisha nambari ya kienyeji ikafuata kama ilivyokuwa. Kwa sababu hiyo kila nchi ilibaki na kimo chake. Nambari ya Norway ina alama 15, ya Lithuania 20, ya Ujerumani 22, ya Ufaransa 27, na ya Malta, nchi ndogo kuliko zote katika hesabu hii, ina 31. Sasa na tuitazame programu ya mishahara iliyotengenezwa na fundi wa Kifaransa kwa ajili ya matajiri wa Kifaransa, yenye vijumba 25 vya kujazwa na herufi FR zimekwisha kuchapwa mbele yake. Nambari ya Kijerumani ikiletwa hapo ni kama mgeni mfupi aliyeazimwa kanzu ya mtu mrefu, na mashine, ambayo haina haya wala murua, haimstahi mgeni bali humrudisha mlangoni.

Sheria yenyewe haina utata. Kanuni ya Umoja wa Ulaya nambari 260 ya mwaka 2012, iliyopitishwa tarehe 14 Machi mwaka huo, inasema katika kifungu chake cha 9 kwamba mwenye kulipa kwa hawala ya benki haruhusiwi kumchagulia mlipwaji nchi ambayo akaunti yake itakuwamo, maadamu akaunti hiyo imo katika Umoja na yaweza kufikiwa. Na mwenye kukusanya malipo kadhalika. Mahakama ya Ulaya iliyoko Luxembourg ilikikazia kifungu hicho tarehe 5 Septemba 2019, katika shauri la shirika la reli la Ujerumani, Deutsche Bahn, lililokuwa likiwanyima wasafiri wasiokaa Ujerumani idhini ya kulipa kwa kukatwa moja kwa moja katika akaunti zao. Wajuzi wa mambo hayo wamelipa tendo hilo jina, wakaliita ubaguzi wa IBAN, na mwaka 2021 baadhi ya kampuni zenye kuumizwa nalo, miongoni mwao N26 ya Berlin na Revolut iliyozaliwa London, ziliungana kukusanya malalamiko ya wateja, ambayo aghalabu yalihusu vitu viwili, bili za simu na umeme, na mishahara.

Naungama kwamba nilipoisoma kanuni hiyo mara ya kwanza nilimhukumu yule mwanamke wa hesabu bila ya kumsikiliza, nikamwandikia kijana barua ndefu ya kumfundisha haki zake, kifungu kwa kifungu. Kijana, ambaye ana busara kunizidi, hakuipeleka. Alinijibu kwamba mama yule hana uwezo wa kuibadilisha programu kuliko alivyo na uwezo wa kubadilisha majira ya mvua. Imenunuliwa na kampuni moja, imetengenezwa na kampuni nyingine, na hutunzwa na ya tatu ambayo hujibu simu siku ya Jumanne. Hapo ndipo nilipoanza kuwachunguza makarani wa mishahara, na nilivyowachunguza ndivyo ghadhabu yangu ilivyozidi kupungua.

Karani wa mishahara ni mtu ambaye akifanya kazi yake sawasawa hapana amkumbukaye, na akikosea mara moja katika miaka kumi jina lake hutajwa jikoni kwa watu. Deni la mshahara haliishi kwa kutumwa, huisha kwa kufika. Ikiwa fedha zimepotea njiani, mwenye kudaiwa bado ni tajiri, na mwenye kuulizwa na tajiri ni karani. Tena kazi yake inatawaliwa na siku ambazo mfanyakazi hazioni. Uingereza, hawala za mishahara hupitia mtambo uitwao Bacs, ambao asili yake ni ya mwaka 1968, na desturi ya mtambo huo ni siku tatu za kazi: siku ya kwanza tajiri hupeleka orodha yake kabla ya saa nne na nusu ya usiku, siku ya pili orodha huchambuliwa na kugawiwa mabenki, na siku ya tatu asubuhi fedha huingia. Ili watu walipwe Ijumaa, basi, orodha imekwisha kuondoka Jumatano, na kabla ya kuondoka imekwisha kufungwa, kukaguliwa na kutiwa sahihi. Aliyezoea kufungua akaunti Alhamisi kwa dakika kumi hawezi kufahamu kwa nini akaunti hiyo haiwezi kupokea mshahara wa kesho yake, naye humdhania karani kuwa mvivu.

Kuna balaa nyingine ya namna hiyo hiyo, ndogo lakini ya kuchekesha, nayo ni ya mishahara inayofika mapema. Kwa kuwa benki huiona orodha siku moja kabla ya fedha kuingia, baadhi ya benki za simu zimeamua kumpa mteja wake hela kabla ya siku yenyewe, Monzo ikimruhusu kuzichukua tangu saa kumi ya alasiri ya siku iliyotangulia, na huko Marekani kampuni ya Chime ikijigamba kwamba yaweza kumtangulizia hata siku mbili. Matokeo yake ni kwamba wafanyakazi wawili wanaokaa benchi moja, wenye mshahara mmoja na tajiri mmoja, mmoja hununua samaki Alhamisi na mwenzake hungoja Ijumaa. Na yule wa Ijumaa huingia ofisini kwa karani akiuliza kwa uchungu kosa lake ni lipi, na karani humweleza habari za Bacs, na haaminiwi.

Turudi kwenye lile neno tawi, maana ndilo lenye kiini cha mambo. Wateja wa Monzo, ambao ni mamilioni, kwa miaka mingi wamepewa tarakimu za tawi zilizo sawa, 04-00-04. Karani wa zamani akizisoma tarakimu hizo kwa desturi aliyofundishwa ataona tawi moja lenye watu wengi kuliko mji mkubwa, tawi ambalo hakuna apajuaye mlango wake ulipo. Programu za mishahara hubeba ndani yake orodha ya tarakimu za matawi yote na kanuni za hesabu za kuzipima, na orodha hiyo haina budi kufanywa upya kila mara. Ofisi iliyochelewa kuifanya upya hukutana na benki iliyozaliwa juzi kama mzee aliyerudi kutoka safari ndefu akiulizwa kama anamjua mtoto aliyezaliwa nyuma yake. Marekani jambo hili limezidi kuwa tata, kwa sababu Chime si benki hasa. Fedha za wateja wake hukaa katika The Bancorp Bank au Stride Bank. Mfanyakazi huandika Chime, mashine husema Bancorp, na karani huona majina mawili mahali pa moja, kisha huomba hundi tupu iliyoandikwa BATILI ili athibitishe nambari, kama ilivyokuwa desturi ya huko tangu zamani. Mwenye akaunti ya simu hana daftari la hundi.

Msomaji asimcheke karani huyo kwa wasiwasi wake. Mnamo Septemba 2018 idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, ilitoa onyo juu ya wezi wanaoiba siri za kuingilia za wafanyakazi, wakabadilisha nambari ya akaunti katika daftari la mishahara, na kuzielekeza fedha kwenye akaunti zao, ambazo mara nyingi zilikuwa za kadi za kulipia kabla. Ombi la mwizi na ombi la mfanyakazi mwaminifu hufanana kama macho mawili: salamu fupi, samahani kwa usumbufu, nimebadilisha benki, nambari mpya ni hii. Na nambari mpya katika hali zote mbili ni ya benki ambayo karani hajapata kuisikia.

Tena kuna hofu iliyo kubwa kuliko ya wezi. Ijumaa ya tarehe 26 Juni 2020, Ijumaa ya mwisho ya mwezi, ambayo kwa Waingereza wengi ni siku ya mshahara, mamlaka ya kusimamia mambo ya fedha ya nchi hiyo iliifunga mikono kampuni ya Wirecard Card Solutions, kwa kuwa mamake, Wirecard ya Ujerumani, alikuwa ametangaza siku nane kabla kwamba wakaguzi hawakuona ushahidi wa euro bilioni 1.9 zilizoandikwa katika vitabu vyake, na siku moja kabla alikwisha kuomba hifadhi ya mufilisi. Watu waliokuwa wakilipwa mshahara au ruzuku ya serikali katika akaunti za kampuni kama Pockit, ambayo ilitegemea mitambo ya Wirecard kwa siri ambayo haikuwa siri ila kwa wao, waliamka wakakuta kadi zao ni vipande vya plastiki. Amri ilitenguliwa baada ya siku nne, na fedha zilikuwako; lakini siku nne mwisho wa mwezi ni siku nyingi kwa mtu ambaye friji yake ni tupu. Mwaka 2024 Wamarekani waliyaona makubwa zaidi, kampuni ya Synapse, iliyokuwa dalali kati ya programu za simu na mabenki, ilipofilisika. Tangu tarehe 11 Mei watu zaidi ya laki moja hawakuweza kuzigusa dola milioni 265 walizodhani zimo benki, na msimamizi wa ufilisi alipofungua madaftari alikadiria upungufu wa kati ya dola milioni 65 na 96. Kanzu ya sheikh hushonwa na fundi yeyote. N26, Monzo na Revolut ya Lithuania zina leseni za benki, na amana zake zina dhamana ya sheria. Nyingine hazina, ila kwa mwenye kuzitazama katika kioo cha simu zote zina rangi nzuri na zote hujiita akaunti.

Pamoja na hayo siwezi kuuunga mkono uamuzi wa matajiri wa kumwambia mtu akafungue akaunti kwingine. Haki ya mfanyakazi ya kuchagua ujira wake uende wapi haikupatikana kwa urahisi. Waingereza walipiga marufuku mwaka 1831 ile desturi ya kumlipa mtu kwa bidhaa za duka la tajiri, na Marekani sheria ya mwaka 1978 inamkataza tajiri kumlazimisha mfanyakazi awe na akaunti katika benki fulani. Tajiri akiwa na shaka na benki, na aulize leseni yake. Akiwa na shaka na nambari, na ampigie mfanyakazi simu asikie sauti yake. Hayo ni dakika tano. Lakini programu isiyopokea herufi mbili za nchi ya jirani haina shaka yoyote ya kuitetea.

Kwetu Afrika Mashariki tuliliruka shimo hili bila ya kujua kwamba ni shimo. M-Pesa ilipoanza Kenya mnamo Machi 2007, nambari ya akaunti ilikuwa ni nambari ya simu ya mtu, nayo haina tawi wala wilaya. Mwenye shamba humlipa kibarua aliye Kilifi au Kisumu kwa tarakimu zile zile anazompigia. Tena jina la mpokeaji humtokea mtumaji kabla hela hazijatoka. Ulaya imelipata jambo hili la jina kwa amri ya kanuni nambari 886 ya mwaka 2024, iliyowataka watoa huduma wa nchi zenye kutumia euro, kuanzia tarehe 9 Oktoba 2025, kulinganisha jina na nambari kabla ya kutuma. Ila mwenye kampuni anayetuma hawala nyingi kwa fungu moja ameachiwa khiari ya kuupuuza ulinganisho huo, na mishahara ndiyo hasa hutumwa kwa fungu. Wasiwasi wangu mwingine ni kwa watu wetu wenyewe, ambao pasipoti huwaandika Fulani bin Fulani wa Fulani, tajiri huchukua jina la mwisho akalifanya la ukoo, na benki ikachukua la kati. Mashine itakayolinganisha majina hayo itamwona mtu mmoja kuwa watatu.

Mwanangu yule hakushitaki. Ufaransa kuna idara ya kulinda watumiaji, iitwayo DGCCRF, ambayo hupokea malalamiko ya namna hii, nami nilimpa anwani yake, lakini mtu mwenye mtihani asubuhi na masufuria jioni hana saa ya kuandika mashitaka. Hundi aliitia katika akaunti ya rafiki yake, mpaka ikafika hali nyingine ambayo sikuitarajia: benki za simu zenyewe zilisalimu amri. Zilizokuwa zikijisifu kuwa hazina mahali zilianza kujiandikisha matawi nchi kwa nchi, ya karatasi, ili zipate kuwagawia wateja nambari zenye herufi za kwao. N26 ilifanya hivyo Hispania na Italia, na Revolut, ambayo wateja wake wa Ulaya walikuwa na LT ya Lithuania, ilianza kati ya 2022 na 2023 kuwapa Wafaransa FR na Waayalandi IE. Makarani hawakufurahi kama nilivyodhani, kwa kuwa kila nambari mpya ilimleta mfanyakazi ofisini na ombi la kubadilisha akaunti, lenye salamu fupi na samahani kwa usumbufu.

Benki ya kijana wetu nayo ilimpa nambari ya Kifaransa. Fedha zake zilikuwa pale pale, programu ile ile, simu ile ile yenye kioo kilichopasuka pembeni. Aliichapa karatasi ya nambari mpya akampelekea yule mama wa hesabu, naye, kama alivyonisimulia, alivaa miwani, akazisoma herufi mbili za mwanzo, akatabasamu kama mtu aliyeletewa habari za harusi, akamwambia kwamba sasa amepata benki.